Kitabu Kilicholelewa kwa Moshi

Nyumba nyingine za kwetu Nyakitonto zina redio ya babu, nyingine zina mkuki wa babu. Sisi tulikuwa na kitabu cha mashairi ya Kiingereza, kizito kama tofali, chenye umri wa karne mbili hivi, na kilichokuwa kinanuka moshi kuliko samaki wa sokoni. Nikiwaambia watu wa Kibondo, ninakofundisha, wanacheka. Wacheke tu. Mimi nimekua na kitabu hicho na najua nilichokiona.

Kilifikaje kwetu? Baba yangu alipokuwa kijana alifanya kazi za ndani Kasulu mjini, kwa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifundisha wakunga. Baba alifagia, alichota maji, alipiga pasi. Siku moja yule mama alirudi mapema akamkuta kasimama mbele ya kabati la vitabu, kitambaa cha vumbi begani, kitabu wazi mkononi, anaangalia picha ya ng'ombe. Baba akajua kazi imeisha, kesho yuko njiani kurudi kijijini. Kumbe wapi! Yule mama akavuta kiti, akamwambia keti, wakakifunua ukurasa kwa ukurasa mpaka pasi ya mkaa ikapoa. Tangu hapo ikawa desturi yao: kazi zikiisha, wanatazama picha mbili tatu, kisha baba anaenda zake.

Mkataba wa yule mama ulipokwisha, akagawa vitu. Mpishi alipata baiskeli. Mlinzi alipata redio na mablanketi. Baba akapata kitabu. Mama yangu, aliyekuwa bibi harusi wa juzi tu, alisimama mlangoni akitega sikio asikie kengele ya baiskeli, akamwona mume anakuja kwa miguu na kifurushi kifuani. Mama hajawahi kuisamehe ile baiskeli. Mpaka leo ukimtajia yule mpishi, marehemu wa watu, atakuuliza, "Nani, yule aliyekuwa na akili?"

Kitabu chenyewe kilimhusu bwana mmoja aliyesafiri zamani hizo katika nchi za milima ya theluji na maziwa, mara kwa farasi, mara kwa mashua, na kila alipofika akatunga shairi. Juu au chini ya shairi palikuwa na picha ndogo, mistari yake myembamba kama unywele: ziwa na mwezi, daraja lililobomoka, mtawa mlangoni, ng'ombe wanakunywa maji kwenye magofu. Hazikuwa na rangi, lakini ukizikazia macho unaanza kuziona rangi mwenyewe. Baba hakuweza kusoma Kiingereza, kwa hiyo alizisoma picha. Ng'ombe wale wa magofuni aliwakagua kama yuko mnadani. "Pembe nzuri," alikuwa akisema, "ila mchungaji mvivu. Mtazame alivyolala, na ng'ombe wanaingia nyumba za watu!"

Nilipofika sekondari, kazi ya kumsomea ikawa yangu. Niseme ukweli, Kiingereza kile kilinitoa jasho. Nilikuwa nageuza kwa Kiha yale niliyoyaelewa na kuyaruka yale yaliyonishinda, na baba alikuwa anajua kila nilipoyaruka, maana sauti ilikuwa inapungua. Kuna shairi moja msafiri analalamika ubeti baada ya ubeti kwamba njia ya mlimani imemchosha.

"Si amepanda farasi?" baba akauliza.

"Amepanda, Baba."

"Na amechoka?"

"Ndivyo anavyosema."

"Na mzigo wake kabeba nani?"

Nikatafuta kwenye shairi zima, sikuona. Baba akatikisa kichwa, akasema aliyebeba mzigo bila shaka hakuwa na nafasi ya kuandika. Mama, huko jikoni, akasema hata yule aliyetembea kwa miguu kutoka Kasulu bila baiskeli naye angeandika, kama angepewa nafasi.

Sasa kuna jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo hamtamwelewa baba. Kwetu Buha, tangu enzi za mababu, mtu akikupenda au akikuamini anaweza kukupa ng'ombe. Tunaita kugabira. Hakukupa ukamchinje. Utamlisha, utamchunga, maziwa na samadi ni vyako, na akizaa, siku moja utamrudishia aliyekupa ndama mmoja. Na mwenyewe akipita, ana haki ya kuja kumtazama ng'ombe wake: amenona, amekonda, anaumwa, anatunzwa? Ukionekana umemtunza, mmekuwa ndugu mpaka kwa wajukuu. Ukionekana umemkondesha, ala! Heri ufe.

Basi baba alikipokea kile kitabu hivyo. Hakuambiwa na mtu. Yule mama alipomkabidhi kwa mikono miwili na kumwambia akitunze, baba akasikia kile ambacho Muha yeyote angesikia: nimegabirwa. Na tangu siku hiyo zizini kwetu palikuwa na ndama jike mmoja aliyeitwa wa mwenye kitabu. Akikua akazaa, binti yake anachukua nafasi. Kaka yangu alipooa, walihesabiwa ng'ombe wote wa kwenda ukweni, wa mwenye kitabu akarukwa. Kaka akanuna mwezi mzima. Baba hakumwangalia hata usoni.

Na utunzaji wenyewe? Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la Muha kamili. Mchwa wa Nyakitonto hawana adabu. Wanakula miimo ya milango, wanakula viatu, walikula cheti cha ndoa cha wazazi wangu na fremu yake. Kitu unachotaka kikione mwaka ujao, mbegu za mahindi, mbegu za maboga, unakipandisha juu ya uchaga, ile dari ya miti iliyo juu ya meko. Moshi unakikausha kila siku na mdudu hathubutu. Basi kitabu nacho kikapanda juu ya uchaga, kimefungwa kitambaa safi, kikalala na mbegu. Jumapili baada ya kanisa kinashushwa, kinafutwa, kinatazamwa, kinarudi. Jalada lake la kizungu lilipopasuka kwa joto, baba alichukua ngozi ya ndama, akaikwangua, akailainisha kwa samli, akakishonea koti jipya kwa sindano ya magunia. Alijivunia koti lile kuliko suti yake ya harusi.

Mimi nilikuwa sioni ubaya wowote. Mpaka siku moja, ofisini kwetu Kibondo, nilimwonyesha mwalimu mwenzangu picha nilizopiga kwa simu. Yeye ni mtu wa mitandao, hakimpiti kitu. Akapekua, akapekua, macho yakamtoka.

"Dada! Mnajua mna nini nyumbani? Hili ni toleo la kwanza! Huko kwao linawekwa kwenye kabati la kioo, watu wanavaa glovu kulishika!"

Nikakaa. Akaendelea kusoma, sauti ikaanza kushuka: kurasa ziwe safi, jalada liwe la asili, pasiwe na doa, pasiwe na harufu. Akatazama picha kwenye simu yangu, kurasa zimekuwa rangi ya chai, jalada lina manyoya kidogo upande mmoja. Akanitazama mimi.

"Hiki chenu sasa, dada..."

"Nyamaza," nikamwambia.

Akanyamaza. Watu wanajua hasira zangu ziko karibu. Sikumwambia baba neno. Ningemwambia nini? Kwamba miaka yote ile alikuwa anaikausha thamani yote ya kitabu kwa mikono yake mwenyewe? Nikasema potelea mbali, nani atakuja Nyakitonto kukagua?

Basi akaja.

Simu ilitoka kwa mzee mmoja mwenye duka la vitambaa Kasulu, Mwislamu wa asili ya Ujiji, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akimuuzia yule mama mafuta ya taa. Mzee huyu habari zote za mji zinalala kwake kabla hazijaenda kwa wenyewe. "Mwalimu," akaniambia, "nimeletewa mgeni wenu hapa. Binti wa Kizungu. Ni mjukuu wa yule mama wa wakunga. Bibi yake amefariki, naye kaja kuona alikoishi, na anaulizia kitabu." Nikasema Alhamdulillahi, karibu sana, ingawa mimi ni Mkristo, kwa kuwa nilikuwa sina neno jingine. Akaongeza, kwa raha kabisa, "Na unajua kazi yake? Anatibu vitabu vya zamani, kwenye maktaba kubwa huko kwao!"

Mungu wangu! Katika wajukuu wote duniani, tumeletewa daktari wa vitabu.

Nikampigia baba. Akasema kwa Kiha, taratibu, "Amekuja kumkagua ng'ombe." Sauti yake ilikuwa na furaha na hofu pamoja, kama mtoto anayengoja matokeo. "Mwanangu, mimi ni mzee. Nilidhani nitakufa bila mwenyewe kuniambia kama nimemtunza vizuri. Sasa nitaambiwa. Akisema nimemkondesha, basi, nitajua. Lakini sidhani. We unaonaje?"

"Umemtunza vizuri, Baba," nikasema.

Jumamosi nikapanda basi la alfajiri kwenda Kasulu, nimfikie yule binti kabla baba hajamfikia. Nilimkuta dukani kwa mzee, anakunywa kahawa na kashata, anazungumza Kiswahili cha kwenye kitabu, polepole, kila neno limepigwa pasi. Binti mpole, mrefu, miwani, jua limemchoma pua. Sikumpa hata nafasi ya kumaliza shikamoo.

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Utaenda kumwona baba yangu. Kitabu kimekaa juu ya moshi miaka yote hii. Kimekuwa cheusi. Jalada tumeshona wenyewe, ngozi ya ng'ombe. Mimi najua, na wewe utajua ukikiona tu. Lakini yeye hajui. Kwa hiyo ukifika pale utasema ni kizuri, kimetunzwa, asante. Basi. Ukimwambia mzee wangu kimeharibika, utanijua mimi ni nani!"

Mwenye duka akajifanya anakunja khanga. Yule binti akaweka kikombe chini.

"Mama, samahani sana," akasema. "Mimi siwezi kusema uongo juu ya kitabu. Nitasema kwa heshima. Lakini uongo siwezi."

"Huwezi!"

"Siwezi. Bibi hakunilea hivyo."

Niliona nyota. Nilitaka nimpandishe gari arudi alikotoka. Mwenye duka akasema, bila kuinua macho, "Mwalimu, hata baba yako angemkataa mtu anayedanganya juu ya ng'ombe." Nikamwambia ashughulike na khanga zake. Lakini alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana niliudhika. Njia nzima mpaka Nyakitonto sikuongea. Yule binti alikuwa anatazama milima na kusema nzuri, nzuri sana, nami naitikia kwa pua.

Baba alikuwa amevaa suti. Ile ya harusi, imembana kwapani, kofia mkononi. Mama naye, ambaye kwa wiki nzima alisema hataki kusikia habari za wazungu na vitabu vyao, alikuwa amechinja kuku wawili na kupika ugali wa muhogo na ndizi za mawese. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata mimi nataka kuku." Baba akamwinamia binti, akapiga makofi taratibu kama tunavyomsalimu mtu wa kuheshimiwa, akauliza habari za kwao, za ukoo, za mvua, za mifugo, mpaka binti akaishiwa maneno ya Kiswahili na kubaki kutabasamu.

Kisha, kabla ya chakula, kabla hata ya maji ya kunawa, akatoa amri na ndama akaletwa. Mweusi, paji jeupe, ameogeshwa, kamba mpya shingoni. Baba akachukua kamba kwa mikono miwili, akamnyooshea mgeni.

"Huyu ni wako," akasema. "Ni wa bibi yako. Alikuwa anamngoja."

Binti akacheka kidogo, kwa aibu, akasogea nyuma. "Oh, hapana, hapana, asante! Mimi nitampeleka wapi? Kwenye ndege?"

Baba akabaki na kamba mkononi. Mikono ilishuka kidogo, na uso wake ukawa wa mtu aliyefungiwa mlango. Hapo hasira yangu ikapata kazi nzuri. Nikamsogelea binti, nikamwambia kwa Kiingereza cha darasani, haraka haraka, kwamba huyu si zawadi, huyu ni ndama wa kitabu, amengojewa tangu bibi yake alipoondoka, na akimkataa amemtupa baba yangu nje ya undugu, kwa hiyo ashike kamba sasa hivi. Sasa hivi!

Akaelewa. Nampa sifa yake, akaelewa. Akafuta mikono kwenye sketi, akaishika kamba kwa mikono miwili, akapiga goti moja, akasema, "Asante, Babu. Bibi yangu anashukuru." Kisha akafikiri. "Lakini mimi sina zizi. Naomba akae kwako. Umchunge wewe. Maziwa yawe yako."

Weee! Mama akapiga kigelegele kabla hajajijua. Binti yule bila kujua alikuwa amemgabira baba. Baba alicheka mpaka meno aliyobakiwa nayo yote yakaonekana, akaipokea kamba, na majirani waliokuwa wamejipanga uani, maana majirani hawakosi, wakapiga makofi. Tukanawa, tukala. Kwa muda wa kula nilisahau kabisa kilichonileta.

Lakini kitabu kilikuwa bado. Baada ya chai baba akaingia jikoni mwenyewe. Tukamsikia anapanda ngazi, tukamsikia mama anamwambia taratibu utavunjika, akatoka na kifurushi. Akakaa mkabala na mgeni, akafungua kitambaa, akamkabidhi, akaweka viganja juu ya fimbo yake na kungoja.

Binti alikinusa kwanza. Kisha akakilaza mapajani, akapitisha kidole kwenye mshono wa ngozi, polepole, tundu kwa tundu. Akafungua. Akafunua. Ziwa, daraja, mtawa. Hakuruka ukurasa hata mmoja. Alipofika kwenye ng'ombe wa magofuni, baba hakuweza kuvumilia.

"Amekonda?" akauliza.

Nilikuwa nimemkazia binti macho ya kuua. Hakunitazama. Alimtazama baba.

"Babu, nitasema kweli," akasema. "Moshi umeingia kwenye karatasi. Imekuwa kahawia, na haiwezi kurudi kuwa nyeupe. Jalada la kwanza halipo. Wale wanaonunua vitabu vya zamani, wakikiona hiki, watasema kimeharibika."

Baba hakusogea. Mimi nilikwisha simama, mdomo wazi, matusi yote niliyojaliwa yamepanga foleni.

"Naomba kumaliza, Mama," binti akaniambia, kisha akamgeukia baba tena. "Bibi alikuwa na vitabu vingi. Kabati zima, vizuri kuliko hiki. Nyumba yake ilikuwa karibu na mto, ina unyevu. Alipozeeka hakuna aliyeviangalia. Mimi ni fundi wa vitabu, na sikuviangalia, nilikuwa naangalia vya watu. Alipofariki tukafungua kabati. Vyote vimeota ukungu. Wadudu wamekula katikati, ukigusa kurasa zinaanguka. Tulivichoma moto. Vyote vimekufa, Babu. Hiki hakina tundu hata moja. Picha zote zipo. Hiki tu ndicho kimebaki hai."

Nikakaa. Sikuwa na tusi hata moja lililobaki.

Baba alikuwa bado kwenye neno moja. "Vyote vimekufa?"

"Vyote."

"Hakuna hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Pole," baba akasema. "Pole sana, mwana wanje." Alimwita mwanangu kwa Kiha, akapiga makofi ya msiba, yale ya chini chini. Akatafakari, macho kwenye fimbo. Mimi nilikuwa nimefurahi! Nilikuwa nataka kucheka, nataka kumkumbatia yule binti mkweli, nataka tunywe chai tena. Ng'ombe hakukonda, mambo yamekwisha, tumepona. Ndipo nikamwona mama amesimama mlangoni mwa jikoni, mkono mdomoni, anamtazama mumewe. Mama alikuwa ameshajua.

Baba akainuka. Akachukua kile kitambaa, akakikunjua juu ya meza, akakitwaa kitabu mapajani mwa mgeni, akakifunga vizuri, fundo la kwanza, fundo la pili. Kisha akamkabidhi tena kwa mikono miwili.

"Nenda nacho," akasema.

"Baba!" nikapiga kelele. "Baba, ni chako! Alikupa mwenyewe!"

"Alinigabira," akasema bila kugeuka. "Mtu aliyekugabira akifiwa na ng'ombe wote, zizi likabaki tupu, unafanyaje? Unakaa na wake, unakunywa maziwa, na kwao hakuna kitu? Unamrudishia. Si ndama. Ng'ombe mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyo." Akamwambia binti kwa Kiswahili, maneno machache, polepole, "Kwenu hakuna. Chukua."

Binti alikuwa analia wazi wazi, miwani imejaa maji. Akasema hapana, hakuja kuchukua, alikuja kuona tu, hawezi, hawezi. Akanitazama mimi nimsaidie. Na mimi, niliyemkaripia asubuhi na kumkaripia mchana, sikuwa na la kumsaidia. Nilijua akikikataa atamuua mzee. Nikamwambia, "Pokea, mwanangu." Akapokea.

Gari lililotuleta likaondoka naye wakati jua bado lipo juu. Majirani wakatawanyika, wana cha kusimulia. Mama akaanza kuosha vyombo kwa kelele nyingi kuliko vilivyohitaji. Kutoa ni moyo, akasema kwa ukali, kama vile kuna mtu alikuwa anabishana naye. Halafu akasema baiskeli ingekuwa imekwisha kutu zamani, na hilo ndilo neno la upendo kuu kuliko yote niliyowahi kumsikia akimwambia baba.

Baba alikaa palepale, suti yake imembana, mikono mapajani. Nikavuta kigoda nikakaa kando yake. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni za nani.

"Baba, ulikuwa unakipenda."

"Sana," akasema.

"Sasa mbona?"

Alikuwa anatazama viganja vyake. "Picha ninazo zote," akasema. "Hata nikifumba macho ninazo. Ni uzito wake, mwanangu. Kila Jumapili nilikuwa nakiweka hapa." Akagusa mapaja yake. "Sasa pako wazi sana."

Nikaweka mkono wangu pale. Akaufunika kwa wake, na tukalia wote wawili, mchana kweupe, watu wanapita njiani na kutusalimu, nasi tunaitikia.